Mkanda wa Tata Beya

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kupanga foleni ya maji, Mwadi alikuwa na kazi moja: kumkaza baba yake mkanda. Haukuwa mkanda wa suruali. Ulikuwa kipande cha ule mpira mnene unaobeba mawe ya shaba mgodini, kilichotobolewa matundu na kufungwa kwa waya. Wachimbaji wa Musonoi, mtaa wa mgodi walikoishi, walikuwa na desturi hiyo: mgongo ukiuma, funga mpira, lala kwenye ubao, ungoje.

Baba huyo, ambaye wote walimwita Tata Beya, alikuwa amengoja miezi mingi. Kampuni ya mgodi iliyumba, kazi ikaisha, maumivu ya mgongo yakabaki. Sasa alilala ubaoni katika uwanja wa stesheni ya Kolwezi, pamoja na familia nyingi zenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani. Mwaka ule wa 1993 vijana wenye fimbo walipita nyumba kwa nyumba wakiwafokea, "Rudieni kwenu!" Kwao wapi? Tata Beya alizaliwa Kolwezi, na Mwadi pia. Kasai waliijua kwa hadithi za bibi tu.

Wote walingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Ilipofika, watu waligombania mabehewa, na asiyeweza kupanda aliachwa. Wagonjwa walisukumwa kwa pusupusu, mkokoteni wa magurudumu mawili, huku vijana wa langoni wakiwaimbia nyimbo za kejeli. Tata Beya aliapa mbele ya mkewe, Mama Mbombo: "Baba yangu aliingia mu hii muji na miguu yake. Na mi nitatoka na miguu yangu. Mu pusupusu siingii, hata banipige!"

"Maneno matupu," alisema Dodo, msichana aliyesoma na Mwadi darasa moja, walipokuwa kwenye foleni. "Baba yako hata kwenda choo ni shida. Batamuacha."

"Habatamuacha!" Mwadi alijibu, na kwa hasira akamwaga nusu ya ndoo. "Utaona na macho yako."

Jioni akaukaza mkanda hadi baba yake akaguna. Kama uliokazwa kidogo hausaidii, aliwaza, uliokazwa sana utasaidia. Mbona ulimponya Tata Polycarpe, jirani yao wa Musonoi, aliyewapa mkanda huo? Yeye alijifunga, akalala siku chache, akarudi kazini akipiga mluzi. Lakini kulipokucha, Tata Beya hakuweza hata kugeuka.

Mama Mbombo akamwita Mama Laure, muuguzi aliyezunguka kambini. Tata Polycarpe naye alikuwa amefika na unga. Yeye alikuwa mtu wa kaskazini mwa Katanga, mkoa wenye mji huo wa Kolwezi, hakuna aliyemfukuza. Watu walimnunia kwa kuwasaidia Wakasai, naye aliwanunia vilevile na kuendelea kuja.

"Mumufunge zaidi," Polycarpe alishauri. "Mi nilipona na ule mukaba."

"Ulipona wewe, tata," Mama Laure akasema. "Acha niulize mwenye mugongo."

Mwadi alitegemea kuona sindano. Badala yake alisikia maswali. Maumivu yanashuka mguuni? Kuna ganzi? Mkojo unatoka vizuri? Muuguzi akaweka kiganja chake, akamwambia mgonjwa akisukume kwa unyayo, mguu mmoja kisha wa pili. Yote miwili ilikuwa na nguvu.

"Unaogopa nini, tata?"

"Naogopa nikisimama, mugongo utavunjika."

"Na siku gani unauma kidogo?"

Hakujua. Mwadi alijua. "Mama, siku ile nilisafisha mukaba, baba alitembea bila mukaba mpaka ku robine, kuchota maji. Alirudia anacheka."

"Mbona haukusema?" muuguzi akamuuliza.

"Bakubwa balisema mukaba njo dawa."

Mama Laure akaufungua ule waya. "Maumivu ya Tata Polycarpe yalikuwa mapya. Mengi ya vile yanaenda yenyewe. Yako ni ya zamani, na kulala kunakulegeza. Nakisia utapona kwa kutembea kidogo kidogo. Ni kukisia tu, mi si nabii. Mwadi ataangalia. Mguu ukifa ganzi ao mukojo ukikataa, muniite mbio, maana nitakuwa nimekosea."

Siku ya kwanza Tata Beya alifika kwenye nguzo ya taa tu. Aliitukana nguzo, akautukana mgongo, akawatukana na waliomfukuza, kisha akageuka na kurudi. Siku nyingine maumivu yalizidi, Mwadi akautazama mkanda kwa tamaa. "Leo tembeeni kidogo, lakini musilale," Mama Laure aliwaambia. Siku baada ya siku akaipita nguzo, akafika kwenye bomba, akaanza kurudi na ndoo ndogo mkononi.

Hatimaye treni ikalia. Tata Polycarpe akaja mbio akisukuma pusupusu. "Ingia, ndugu yangu!"

"Weka mizigo," Tata Beya akamjibu, na Mwadi akaifunga mizigo hiyo kwa ule mkanda.

Walipita langoni, baba ameshika bega la binti yake, jasho likimtiririka. Vijana wakaanza wimbo wao. "Imbeni!" aliwafokea. "Mi natembea mu muji yangu!" Wimbo haukukoma, naye hakusimama. Alipanda behewa mwenyewe. Dodo, aliyekuwa ameshapanda na wazazi wake, akasogea kumpa Mwadi nafasi.

Mama Laure akamshika Mwadi mkono dirishani. "Mwanangu, dawa iliyomuponesha jirani ni habari ya jirani. Muangalie mugonjwa wako. Na ukiona kitu, sema, hata kama bakubwa basema vingine."

Tata Beya alikuwa ameshaufungua mkanda kwenye mizigo. Akampa Polycarpe kupitia dirisha.

"Nichungie huu. Nitarudia kuuchukua."

Polycarpe akaupokea kwa mikono miwili.

"Na miguu yangu," Tata Beya akaongeza, na treni ikaondoka.