Vifunika Masikio vya Marehemu

Msimamizi wetu wa karakana ya mbao, rafiki yangu kwa bahati mbaya, ni mjuaji asiyejua kitu. Ukimwomba vifunika masikio vya kuzuia kelele za mashine, anakucheka: "Kwani wewe bibi harusi, ujifunike?" Fundi wa msumeno alipojinunulia vyake, alikuwa ameshakuwa kiziwi. Alipofariki, vikabaki msumarini mwaka mzima.

Juzi hapakuwa na umeme tangu asubuhi, mashine zote kimya. Msimamizi akavivaa ili atuchekeshe. Ghafla akakauka. Anaapa alisikia humo msumeno ukinguruma, na marehemu akisema taratibu, "Bosi, sema kwa nguvu. Sikusikii."

Akavitupa, akatoka mbio, shujaa wa maneno. Nikaviokota nivirudishe msumarini. Kutoka ndani yake likamwagika vumbi la mbao, bado la moto.