Maneno Kumi na Tano

Asubuhi hiyo, kama kila asubuhi, Redio alikuwa akiongea huku kashika vidonge vyake mkononi.

“Zima kidogo, mwanangu, umeze dawa,” mama yake alimtania.

Jina hilo alilipata kwa domo lake, na hakuna aliyelionea shaka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu akiwa na sita kifafa kilikuwa kikimwangusha popote, hata darasani. Dawa zilibadilishwa mara tatu zisifue dafu. Sasa madaktari walifikiria kuondoa sehemu ndogo ya ubongo wake, pale kifafa kilipoanzia. Kwanza walitaka kujua upasuaji ungeiachaje kumbukumbu yake.

Hospitalini, mama akisubiri nje, mwanasaikolojia alimsomea polepole maneno kumi na tano: pazia, kengele, shamba, na mengine. Redio alirudia sita.

“Vizuri. Baada ya nusu saa nitakuuliza tena.”

Shuleni alishazoea kufeli kwa kusahau. “Nikifeli na mtihani huu, hawatanipasua,” aliwaza. Mtaalamu alipoitwa nje kidogo, karatasi ilibaki mezani. Redio akanakili maneno yote mkononi, chini ya sweta.

Nusu saa ilipopita, mama aliitwa ndani, na Redio, akichungulia mkono wake kwa siri, akayataja yote kumi na tano bila kukosea, kwa mpangilio uleule wa karatasi.

Mtaalamu aliitazama karatasi, kisha akamtazama yeye. Hakugomba. Alimgeukia mama na kusema kwa upole, “Kama haya ndiyo matokeo yake ya kweli, upande tunaotaka kuupasua bado unafanya kazi kubwa. Tukiugusa, anaweza kupoteza kumbukumbu nyingi. Huenda tukaacha kabisa upasuaji.”

Mama aliinamisha kichwa. Miaka sita alikuwa amelala na sikio moja wazi, akisubiri kishindo cha mtoto kuanguka.

Redio alimtazama mama yake. Halafu akapandisha mkono wa sweta. Ilihitaji moyo kufanya vile mbele ya watu wazima wawili, na moyo huo alikuwa nao.

“Nisamehe, daktari. Niliogopa kufeli.”

“Huu si mtihani wa kufaulu wala kufeli, mwanangu. Njoo kesho. Nina orodha nyingine.”

Kesho yake, baada ya nusu saa, alikumbuka maneno manne tu. Machozi yakamlengalenga.

“Usilie,” alisema mtaalamu. “Hii inaonyesha upande ule umechoka zamani, na picha za ubongo wako zinasema hivyohivyo. Nakadiria utapoteza kidogo, labda neno moja au mawili. Siwezi kuapa, ila sasa tunajua tunakokwenda.”

Upasuaji ulifanyika. Miezi sita ikapita bila Redio kuanguka hata mara moja, na mama akajifunza upya kulala usingizi mzito. Waliporudi kupimwa, Redio alikumbuka maneno matatu.

“Moja limetoroka!” alicheka. “Ulisema, daktari!”

“Nilisema kwa sababu uliniambia kweli,” alijibu mtaalamu, akimshika bega. “Vipimo na picha zetu havifai kitu mgonjwa akituficha. Ungeficha mkono ule, leo ungekuwa bado unaanguka. Siku ile ulipopandisha sweta, ulinisaidia kukutibu.”