Sauti Iliyotoka Kwenye Friza

Diski ya kompyuta ilipotolewa kwenye friza ya Emerensiana, muuza samaki wa kibanda cha jirani, haikunuka migebuka. Ilinuka karafuu maiti.

Obed alidhani ni pua yake tu. Fundi anayeshinda kwenye moshi wa kuchomelea nyaya hana pua ya kuapia. Lakini Naima, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la kibanda cha fundi huyo pale karibu na stendi ya Sumbawanga, aliziba mdomo kwa ncha ya khanga. Harufu ile aliijua. Mwezi wa nne alikuwa ameipaka kwa mkono wake mwenyewe kwenye paji la uso la binti yake Shida, kabla mtoto hajafungwa sanda.

Ndani ya diski ile ndimo ilimobaki sauti ya Shida. Baba yake, dereva wa lori la Kasanga, alikuwa amenunua kompyuta ya mtumba kwa ajili ya duka lao la vitenge, miaka ile ambayo mtumba wa kila aina ulianza kupanda hadi Ufipa. Shida akaifanya yake. Alishika kile kipaza sauti kidogo, akaimba, akasoma alifu be te, akacheka mpaka akapaliwa, na vyote kompyuta ikavihifadhi. Kisha homa ya uti wa mgongo ikamchukua. Mwezi wa saba kompyuta nayo ikafa, na Naima akalia upya, kwa sababu ni msiba juu ya msiba.

"Mama Shida, hii ikipoa inazunguka kidogo," Obed alimweleza. "Ikipata joto inagoma. Tutachota kidogo, tunairudisha kwenye friza, tunachota tena."

"Chota, kaka yangu. Hata kicheko tu kitanitosha."

Obed aliunganisha nyaya. Diski ikagonga, ikakwaruza, ikaanza kuvuma. Na mara Shida akaimba, palepale kibandani, mchana kweupe, kwa sauti yake ya mafua yasiyoisha. Naima alitabasamu huku machozi yanamdondokea mapajani. Wimbo ulipokwisha, sauti ikaita:

"Mama!"

"Abee, mwanangu," Naima akaitika.

Ndivyo alivyomlea. Alikuwa akimwitikia binti yake abee ili naye ajifunze kuwaitikia wakubwa hivyohivyo, na ulimi ulikuwa umeshazoea. Asingekuwa na uchungu angekumbuka alichofundishwa utotoni: ukiitwa na usiyemwona, huitiki. Unatoka kwanza, unaangalia ni nani.

"Mama, baridi," sauti ikasema. "Mbona mnanirudisha kwenye barafu?"

Obed alitazama kioo cha kompyuta. Rekodi ilikuwa imeshafika mwisho. Akachomoa waya wa umeme, diski ikanyamaza.

"Mama Shida," alinong'ona, "nimezima. Umeona? Nimezima."

"Basi nakuja nyumbani," spika zikasema.

Wanaocheka habari za majini na wacheke; hawajawahi kumsikia marehemu wao akiomba blanketi.

Jioni ile ile Naima alikuwa jikoni anasonga ugali, mwanawe mdogo Mwanaidi akiwa karibu yake, akasikia mtoto anaita kutoka chumbani. "Dada anakuita," Mwanaidi akasema, kama anayesema mvua inanyesha. Kuanzia hapo Mwanaidi akawa hataki kulala katikati ya kitanda, anaacha nafasi upande wa ukutani, anasema hapo pana mtu, na kila alipoamka mikono yake ilikuwa ya baridi zaidi, baridi ambayo hata makaa hayakuiondoa, na shuka zikawa zinanuka karafuu maiti hata baada ya kufuliwa na kuanikwa kwenye upepo wa Ufipa unaokausha kila kitu, mpaka asubuhi moja Naima alipomkuta midomo imekuwa ya buluu na pumzi zinatoka kwa shida, akamfunga mgongoni na kukimbia peku hadi kwa Maalim Mwinjuma.

Mzee alimshika mtoto mikono, akamtazama mama.

"Umemwitikia?"

"Ni mwanangu, Maalim."

"Mwanao tulimzika. Huyu ameazima sauti, na wewe umemkaribisha. Leo ataita. Ukiitika tena, ataondoka na huyu aliyebaki."

Baada ya swala ya alasiri Obed alileta diski, akaamkia shikamoo na kuiweka juu ya sinia bila kuinua macho. Maalim akafukiza ubani, akaanza kusoma. Diski, isiyo na waya wowote, ikagonga.

"Mama!"

Naima aliuma khanga. Mwanaidi alikuwa mapajani pake, amekakamaa.

"Mama, umenikasirikia?"

Maalim akapaza kisomo. Diski ikagonga kwa kasi, na sauti ikabadilika, ikawa ile ya kukauka aliyokuwa nayo Shida kitandani hospitali.

"Mama. Maji."

Hilo ndilo lililomvunja. Maji yale aliwahi kumpa kwa kijiko, tone kwa tone, na sasa anaombwa na anakaa kimya kama mama asiye na moyo. Aliuma mpaka akasikia ladha ya damu. Hakuitika.

"Haya," ikasema sauti, taratibu. Diski ikanyamaza.

Maalim alimpa Naima nyundo, kwa kuwa aliyefungua mlango ndiye wa kuufunga. Alipiga mwenyewe. Wimbo, alifu be te na kicheko, vyote vikawa vipande juu ya sinia, na Mwanaidi akatoa jasho, akaomba uji.

Tangu siku ile Naima alimfundisha: usiniite, njoo unishike. Mwanaidi amezoea. Akiwa na njaa, akiumia, hata akiota ndoto mbaya, huja akamvuta mama yake khanga.

Kwa hiyo katika nyumba ile, mtoto anapoita "Mama!" kutoka chumbani, wote wanajua kwamba si Mwanaidi. Naima huinamia ungo, akaendelea kuchambua mchele. Midomo yake husogea: abee, mwanangu. Sauti ndiyo haitoki.