Maji ya Saa Saba na Nusu

Maiti ya Henry ilikuwa imelazwa juu ya turubai kando ya mto, na mtu aliyetetemeka kuliko wote pale alikuwa Zablon, mwenyeji aliyewaonyesha njia. Inspekta Edina alimkagua kuanzia chini. Tope lilimfika magotini.

Wafanyakazi wanane wa ofisi moja walikuwa wametoka Dodoma mjini alfajiri ya Jumamosi hiyo, wapande milima ya Kibakwe, wapige picha kwenye maporomoko ya maji, jioni warudi makwao. Sasa walibaki saba.

"Henry alipoanguka ulikuwa wapi?" Edina alimuuliza Zablon.

"Nilikwenda haja, Afande."

"Saa nzima?"

Zablon akarudia jibu lilelile. Lilikuwa jibu bovu.

Batholomeo, aliyeandaa safari, yeye alijibu kabla hajaulizwa. Wenzao walipokuwa wakipakua chakula bondeni, yeye na Henry walitangulia.

"Mimi nilisimama chini, Henry akapanda juu ya mwamba. Maji yalikuwa mengi, yananguruma. Nikamwona huyu nyuma yake." Akamnyooshea Zablon kidole. "Mara Henry akaanguka, maji yakamzoa."

"Alimsukuma?"

"Siwezi kuapa. Lakini alikuwa nyuma yake."

Maneno hayo yalitosha, na Edina alimfunga Zablon pingu kwa mikono yake mwenyewe. Jumatatu asubuhi angefikishwa mahakamani kwa kosa la mauaji, kosa lisilo na dhamana.

Hata hivyo roho ya Edina haikukaa vizuri. Asiyejua kudanganya alikuwa mahabusu, na kazi ilikuwa imemfundisha kuwaogopa zaidi wale wanaosema vizuri. Akawaamuru wale saba walale nyumba ya wageni pale Kibakwe, akaanza na Lydia, karani wa masjala.

"Mlimsikia Batholomeo akipiga kelele saa ngapi?"

"Saa saba na nusu. Nilikuwa naangalia saa, dereva alitaka tuondoke saa nane."

"Mlipofika kwenye maporomoko?"

"Ilituchukua kama dakika ishirini. Maji yalikuwa yanatisha, Afande."

"Hao wawili waligombana?"

"Hapana. Ila Henry ni mgeni ofisini, amehamia miezi mitatu tu iliyopita. Kwenye gari alimwita Batholomeo jina jingine. Seth. Mara mbili. Sisi tukacheka. Batholomeo hakucheka."

Asubuhi ya Jumapili daktari wa wilaya alipiga simu. Fuvu lilikuwa limepasuka, na mapafu hayakuwa na tone la maji. "Amekufa palepale alipotua," alisema. Edina akamchukua Koplo Bashiri, wakapanda tena mlimani.

Hawakufika mbali. Mama mmoja mwembamba, jembe begani, alisimama katikati ya njia.

"Shikamoo, Mama," Edina alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa wa polisi? Naitwa Hana. Nimeibiwa."

"Umeibiwa nini?"

"Maji. Jana ilikuwa zamu yangu ya kumwagilia, toka asubuhi mpaka jioni. Saa saba yakakatika, nikabaki nautazama mchanga. Vitunguu vyangu vimenyauka."

Bashiri alishindwa kujizuia. "Mama, si wewe mkwe wake Zablon? Kijana aliyemuoa binti yako ana kesi ya mauaji, wewe unalilia vitunguu?"

"Nimesema la kwangu," Bi Hana akajibu, wala hakumtazama.

Bashiri alitaka waendelee na safari. Edina hakuinua mguu. "Mama, mfereji wako unachukua maji wapi?"

"Chini ya maporomoko."

"Na anayetaka kukuibia anayakatia wapi?"

"Juu kabisa, kwenye banio. Akiziba pale, mto wote unageukia mashamba ya juu. Maporomoko yenyewe yanabaki jiwe kavu."

"Jana yalirudi saa ngapi?"

"Watu walipoanza kupiga kelele. Yalirudi kwa hasira."

Edina aliandika saa zote mbili daftarini. Walipanda hadi kwenye banio, wakakuta magunia ya mchanga yaliyoondolewa kwa pupa, na tope limekanyagwa ovyo. Shamba la kwanza kwenye mfereji wa juu lilikuwa la vitunguu, bichi, udongo wake bado umelowa. Bashiri alimuuliza mpita njia shamba ni la nani.

La Zablon.

Kule mahabusu, Edina aliketi mbele ya Zablon. "Vitunguu vyako vimeshiba maji, Zablon."

Mwanamume yule aliinama akalia, na kilio cha mtu mzima si kitu cha kuzoea. Alikuwa amewaonyesha wageni njia, akachepuka kwenda kuziba banio. Watoto sita, zamu yake bado wiki nzima, na jua la Kibakwe halina huruma. Aliposikia mayowe aliyafungulia maji, akashuka mbio.

"Kwa nini hukusema? Unajua adhabu ya kuua?"

"Zamu ilikuwa ya mama mkwe, Afande. Mimi mbele yake hata kikohozi nakimeza. Nitakaaje hapa akijua nimemwibia? Nilidhani mtaona wenyewe kwamba sikuua." Akamshika Edina mkono. "Asijue. Nakuomba."

Edina aliona aibu. Kesho Zablon angesimamishwa mbele ya hakimu kwa pingu alizomfunga yeye.

Alasiri Batholomeo aliletwa. Edina alimpa onyo la kisheria, akafungua daftari.

"Hebu rudia maelezo yako. Henry anaanguka, maji yakoje?"

"Mengi. Yalimzoa kama nilivyosema."

"Mlio?"

"Watu hawasikiani."

"Saa?"

"Saa saba na nusu. Wote wanajua."

"Saa saba na nusu maporomoko hayakuwa na maji."

Batholomeo akatabasamu. "Afande, maporomoko yakose maji?"

"Yalikuwa yamezibwa kule juu tangu saa saba. Mtu aliyesimama pale angeona jiwe kavu. Wewe hukufika kabisa. Ulisimulia maji uliyoyaona siku nyingine."

Tabasamu lilibaki usoni muda mrefu kuliko lilivyotakiwa.

"Nilikuja mwezi uliopita," alisema hatimaye. "Kupanga safari."

"Ulimsukumia wapi, Seth?"

Jina hilo likalifuta tabasamu.

"Kwenye kona ya njia juu ya genge, kabla ya maporomoko, penye kichaka kinachoficha mto. Sikuthubutu kuchungulia. Kunguruma kwa maji? Nilikuwa nasikia moyo wangu tu."

"Kwa nini?"

"Batholomeo alikuwa kaka yangu. Alifaulu kidato cha nne, mimi nikafeli. Homa ikamuua kabla hajakiona chuo. Baba akanipa vyeti vyake. Miaka kumi na mmoja kazini naitwa jina la kaka yangu. Mke wangu ananiita hivyo, watoto wanatumia jina hilo. Henry alisoma naye. Alibeba jeneza lake." Akajifuta uso. "Hakutaka chochote kwangu. Alisema nijipeleke utumishi Jumatatu, au atakwenda yeye. Alisema nimwachie marehemu jina lake."

"Na Zablon?"

"Nilimwona anashuka na tope. Nikaona bahati."

Edina alimsogezea karatasi. Kalamu ilisimama hewani, kisha ikaandika Seth, kwa mwandiko wa mtoto wa shule.

Barazani Bi Hana alikuwa amekaa, chakula cha mahabusu kwenye bakuli.

"Zablon anatoka sasa hivi, Mama. Na mwizi wa maji..."

"Nyamaza, mwanangu. Nyayo zake nilizikuta kwenye banio jana ileile."

Edina alikaa chini kando yake. "Ulijua? Ndiyo maana ulinisimamisha njiani? Mbona hukusema tu kwamba Zablon alikuwa kwenye banio?"

"Ningemtaja, angeniangalia vipi tena? Nilikuletea maji, nikajua ukiyafuata utamkuta." Akamkabidhi bakuli. "Mpe. Mwambie mwizi hajapatikana."

"Ushahidi wake utasomwa mahakamani, Mama, mbele ya watu wote."

Bi Hana alichukua jembe lake, akajitwika.

"Siku hiyo," alisema, "mimi nitakuwa shambani."