Mzigo Kwenye Keria

Gurudumu la nyuma lilikuwa limebonyea, ingawa upepo ulikuwa umejaa. Crisanto alishuka, akalibinya kwa kidole gumba, akalikuta gumu. Lakini pale lilipogusa lami lilikuwa limetanda, namna linavyotanda mtu akipakiwa. Akaikagua keria. Hema, sufuria na begi la nguo, vilevile alivyotoka navyo kisiwa cha Siargao. Akacheka peke yake, akalaumu joto, akapanda akaendelea.

Alikuwa anarudi kwao, kisiwa cha Samar. Mkataba wake wa kazi ya hoteli ulikuwa umekwisha, na badala ya kupanda meli na basi kama watu wenye akili, aliamua kuvuka visiwa kwa baiskeli, feri kwa feri, kwa kuwa safari hiyo aliitamani tangu ujana na mkewe Melodia alikuwa bado hajakaribia kujifungua. Mtoto hakusubiri. Crisanto aliposhuka kwenye feri kusini mwa kisiwa cha Leyte, simu ikaita: msichana, mzima, analia hata majirani wameanza kununa. Tangu hapo alikuwa na jambo moja tu kichwani, kufika na kumpakata mwanawe.

Halafu mvua ikamkimbiza mpaka kwenye turubai la msiba. Kwetu msiba hauna mlango. Mpita njia hupewa kahawa, biskuti na kiti kando ya wacheza karata, na hakuna anayemwuliza anamjua nani. Marehemu aliitwa Teroy, fundi viatu; alikuwa amegongwa barabarani na gari likakimbia. Juu ya kioo cha jeneza kifaranga kilikuwa kikitembea na kudonoa punje za mchele, kama tunavyomfanyia mtu aliyeuawa na muuaji asijulikane, ili dhamiri ya huyo muuaji idonolewe hivyo hivyo mpaka ajitokeze.

Kulipokucha, mjane wa Teroy akamsindikiza Crisanto mpaka barabarani, mkono wake mmoja ukiwa umeishika keria. Hilo halifanywi. Mfiwa hamsindikizi mgeni, kwa sababu marehemu humfuata mfiwa, na akifika barabarani ameshaiona njia. Crisanto alilijua hilo tangu utotoni, lakini utamwambiaje mwanamke mwenye macho yaliyovimba kwamba arudi ndani? Aliona haya. Akajiambia atajikung'uta mbele ya safari, maana dawa yake kila mtu anaijua: ukitoka msibani usiende moja kwa moja kwako, pita kwanza mahali pengine, marehemu apoteze njia abaki huko. Akapita kwenye duka la kwanza. Mwenye duka alimwona amelowa, akamvutia kiti, akampa bakuli la uji wa chokoleti. Crisanto akala, akashukuru, akaamini mambo yamekwisha.

Visiwa vyetu humdekeza mwendesha baiskeli kupita kiasi. Kila kijiji hakikosi mtu wa kuita kutoka barazani, "We kaka, peke yako? Mke amekufukuza nini?" na akisikia safari ni ya Samar anacheka mpaka anapiga paja, kisha anamwita ale wali na samaki mkavu, kisha anaanza kutafuta mkeka wa mgeni. Crisanto alikula kwa watu wote hao na kulala kwao. Na kila alipoondoka, baiskeli ilikuwa nzito zaidi.

Kwanza ikaja harufu, ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, mchana kweupe, katikati ya mashamba ya mpunga. Halafu ikaja pumzi. Alikuwa akipanda kilima, anahema kama anavyohema mtu yeyote kwenye kilima, na nyuma ya shingo yake akasikia mwingine naye anahema, taratibu, akichelewa kidogo tu, na alipobana pumzi ili asikilize, ile ya nyuma iliendelea, ikamalizia, ndipo nayo ikanyamaza. Aliogopa sana. Akateremka upande wa pili bila kushika breki, upepo ukimpiga usoni na minazi ikipita mbio, na katika mteremko ule, pale ambapo abiria yeyote hujishikilia, akahisi shati lake limekamatwa kiunoni, pande zote mbili, likakazwa, na halikuachiwa mpaka barabara iliposawazika na kijiji kikaonekana.

Kijijini humo ndimo walimokaa seremala Bonifas na mkewe Ludivina. Walimpokea vizuri, wakamwegemeshea baiskeli ukutani. Asubuhi Crisanto aliwakuta wote wawili wamesimama uani, wakitazama kitu kimoja. Vifaranga vyao vyote vilikuwa vimepanda juu ya keria, pale alipokwisha kutoa begi. Vilikuwa vinaudonoa ule utupu, juu kidogo ya chuma, kwa zamu, bila kulia.

"Kaka," Ludivina akanong'ona, "ulipita msibani?"

"Nilipita. Lakini nilijikung'uta, dada. Nilisimama dukani."

"Ukafanya nini huko dukani?"

"Nilikunywa uji tu."

Mume na mke wakatazamana. "Maskini wee," Bonifas akamwambia mkewe chini kwa chini. "Mpeleke kwa Nanay Sidra. Mpeleke sasa hivi, kabla hujampa sahani ya asubuhi."

Nanay Sidra, yaani Mama Sidra, aliuza petroli kwenye chupa za soda kando ya barabara, na nyuma ya chupa hizo aliwatibu watu waliofuatwa na wafu. Hakumwuliza Crisanto kitu. Aliwasha mshumaa, akadondosha nta kwenye beseni la maji, na nta ikaganda umbo la mtu aliyeketi, magoti yamekunjwa, mikono mbele.

"Yuko nje, amekaa kwenye baiskeli yako," akasema. "Mwanangu, nani alikufundisha kujikung'uta namna hii?"

"Si ndivyo wanavyofanya wote, Nanay?"

"Wanaofanya hivyo wana nyumba. Wanasimama dukani, wananunua sigara, wanaondoka, marehemu anabaki hapo anashangaa. Wewe nyumba yako ni hii baiskeli. Kila unaposimama watu wanakulisha, wanakulaza. Sasa yeye atajuaje kwamba si kwenu? Mahali mtu anapokula na kulala ndipo kwake. Anasubiri, nawe ukiondoka anapanda tena."

"Nifanyeje? Nina mtoto mchanga nyumbani. Sijamwona hata mara moja."

Nanay Sidra akamsogelea, akashusha sauti. "Simama mahali. Usile, usinywe, usikae. Geuza baiskeli uondoke zako. Hapo atashuka. Lakini chagua kweli, maana atakaposhuka ndipo atakapokaa. Huyu ameuawa, ana hasira, na mwenye hasira hiyo hatazami anayemkamata ni nani."

Crisanto alivuka daraja refu la kuingilia Samar akitafuta mahali pasipo mtu. Akapaona: machimbo ya mawe yaliyoachwa, majani yameota mpaka barabarani. Akasimama. Hakukaa, hakunywa. Alipokuwa anageuza baiskeli, moshi ukatokea vichakani, na nyuma ya moshi wazee wawili, mume na mke, wachoma mkaa, nyuso nyeusi na meno meupe.

"Kijana, unaondokaje na sisi ndio tunapakua?" akaita mwanamke. "Njoo ule. Kidogo, lakini kipo."

Alisimama na baiskeli mkononi. Angeweza kwenda. Wasingejua kamwe ni nini kimewaingilia, na yeye angelala kwake amempakata mwanawe. Akautazama ule mkono wa bibi ulioshika kijiko cha kifuu cha nazi, akashindwa. Akala, akashiba, akashukuru. Na alipopanda, gurudumu likatanda chini yake na pumzi ikaanza nyuma ya shingo.

Baada ya hapo hakukuwa na mahali. Samar ina watu kila kona, na wote wanapakua. Alipita kijiji baada ya kijiji huku akisema moyoni kwamba mbele atapata msitu, mbele atapata ufuo, na kila alipopata palikuwa na mvuvi anayechoma samaki au mwanamke anayefua au watoto wanaookota konokono, na jua likishuka na harufu ya mshumaa ikizidi kukolea akajikuta kwenye barabara ambayo hahitaji kuitazama, kona ya kanisa, daraja la mbao, uzio wa mianzi alioufunga kwa mikono yake mwenyewe, na taa ya jioni ikiwa imekwisha kuwashwa dirishani.

Akaapa kwamba hataingia. Atamwona mtoto kutoka langoni, basi, kisha atageuza arudi milimani, alale porini, mpaka apate dawa. Asipoingia yeye, na huyo naye hataingia. Alivyoogopa, hilo tu ndilo aliloliona.

Melodia akatoka na mtoto begani, mtoto analia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. "Santo! Mbona unasimama kama mdai? Ingia basi."

"Siwezi. Nionyeshe tu."

Akamgeuza mtoto, uso ukaelekea taa. Crisanto akaona paji la uso la mama yake mzazi kwenye kile kichwa kidogo, na machozi yakamtoka bila kuyazuia. Hakunyosha mkono.

"Unaumwa?" Melodia akauliza. Akaingia haraka, akatoka na sahani ya wali na mchuzi wa nazi. "Haya, kula hapo hapo langoni kama umekuwa mwendawazimu. Kula kidogo tu, nifurahi."

"Sitaki. Sitaki kula, sitaki kukaa. Funga mlango, Melodia, usimfungulie mtu."

Akageuza baiskeli, akaondoka. Alisikia mkewe akilia na mlango ukifungwa. Kilima kinaanzia hapo hapo kanisani, naye akakikanyaga kwa hasira, akingoja ule uzito umvute chini kama siku zote, na baiskeli ikapanda. Ikapanda nyepesi, pedali zikizunguka zenyewe, na alipobana pumzi yake hakukuwa na pumzi nyingine. Alifika kileleni akitabasamu. Ndipo akakumbuka maneno ya Nanay Sidra, moja baada ya jingine, usile, usinywe, usikae, geuza uondoke, na akajua ni wapi alikokuwa amesimama.

Aliitupa baiskeli barabarani akakimbia kwa miguu. Akaruka uzio, akaangukia mlango kwa mikono yote miwili.

"Melodia, fungua. Nipe ile sahani. Nakula, nakula sasa hivi."

"Punguza sauti," mkewe akajibu kutoka ndani, kwa utulivu, karibu kabisa na mlango. "Sahani nimempa mwenzako. Amekula yote, maskini, na sasa amempakata mtoto. Ndiyo kwanza amenyamaza."