Namba Isiyo na Mji

Wa kwanza kuisikia alikuwa Kornelia, na hakuogopa, kwa sababu alidhani ni mtu mwenye haya.

Walikuwa wakisali rozari kwa simu, saa nane mchana, kabla ya watu wa shifti ya pili kwenda kazini. Adriano aliongoza akiwa Whitehall, pale Columbus, Marekani. Angelika, mdogo wake Kornelia, aliitikia kutoka Tonawanda, kaskazini mwa Buffalo, ambako theluji huanguka kana kwamba inalipwa ovataimu. Kornelia na bintiye Elisabeth waliitikia kutoka Shively, Louisville, wameinamia simu ya mezani iliyotandikiwa kitambaa cha kufuma, ubavuni mwa sanamu ya Bikira Maria. Siku hiyo sauti nyingine iliitikia pamoja nao. Ilichelewa kidogo, kama mtu anayejifunza maneno kwa kutazama midomo ya wenzake. Ikasema yote mpaka "sasa na saa ya kufa kwetu," kisha ikanyamaza. Amina haikuisema.

"Nani mwingine yupo?" aliuliza Elisabeth.

"Tuko sisi tu," alisema Adriano.

"Kuna mtu. Hasemi Amina."

"Ana haya," Kornelia alisema. "Mwacheni, atazoea."

Siku ya pili na ya tatu sauti ikarudi. Ndipo Adriano akashusha pumzi ndefu, ile ya mapadre wanapotaka kutangaza mchango, akasema: "Mama, huyo si mtu. Kuna jini limewafuata humo ndani. Msikate simu. Tukimaliza rozari wekeni mkonga wa simu mezani, laini ibaki wazi mchana kutwa. Sala iifunike nyumba."

"Na kwa simu ya mkononi je?" Elisabeth aliuliza.

"Namba hii haipatikani kwa simu ya mkononi. Ni ya mezani tu."

Kornelia hakuuliza chochote. Hakumzaa Adriano, lakini alimnyonyesha. Mama wa mtoto huyo alifia njiani wakikimbia Burundi, na Kornelia, aliyekuwa na Elisabeth mgongoni, alimwokota akavuka naye mpaka. Kila mmoja alipewa ziwa lake. Kule kambini Kasulu, karani wa wakimbizi hakuwa na kisanduku cha kuandikia maziwa, akawaandika pacha. Hadi leo, kwa mujibu wa serikali ya Marekani, Elisabeth na Adriano wamezaliwa siku moja na mama mmoja. Katika makosa yote ambayo ofisi zilimfanyia Kornelia, hilo peke yake hakutaka lirekebishwe.

Basi laini ikabaki wazi.

Mwanzoni hakukuwa na kitu ila mvumo, kama wa friji. Kornelia alizoea kukaa karibu na simu akimenya viazi, na kwa kuwa kimya kilimchosha, akaanza kukisimulia: njia ya kwenda mpakani, mvua ile, jinsi Adriano alivyokuwa akinyonya huku ameshika kidole chake. Elisabeth alimkuta hivyo mara nyingi. Mara moja alimkuta ameuweka mkonga mapajani, anautikisa polepole.

"Mama, unafanya nini?"

"Nimechoka tu."

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya turubai lililolowa na kuni mbichi zinazofuka, harufu ambayo Elisabeth hakuwa ameinusa tangu apande ndege, na sasa ilikuwa sebuleni Shively, jua likiwaka nje na jirani akikata majani kwa mashine. Aliifuata akiwa na kapu la nguo, akapita jikoni, akapita chooni, akarudi mezani, na kadiri alivyoukaribia mkonga ndivyo harufu ilivyozidi kuwa nzito, hata akainama akausogezea sikio, akasikia matone ya mvua juu ya plastiki, kwa mbali sana, na nyuma ya mvua, si mbali hata kidogo, karibu kiasi cha kuhisi unyevu wake, akasikia mdomo mdogo unanyonya, unapumzika, unanyonya tena, kwa uroho, kama mtoto anayejua kwamba ziwa si lake.

Hakukata simu. Alikuwa ameambiwa asikate.

Kilichomwamsha ni benki. Bili ya simu na intaneti ilikuwa ikijilipa yenyewe kila mwezi, na mwezi huo ilijilipa mpaka ikaikomba akaunti. Elisabeth akaipigia kampuni ya simu. Baada ya muziki mrefu akapatikana kijana mwenye sauti ya asali.

"Mkataba wetu unasema ni bure kupiga kokote Marekani," Elisabeth alisema.

"Ni kweli, mama. Lakini namba hii haiko kokote."

"Iko wapi basi?"

"Ni namba ya biashara. Haina mji. Anayepiga hutozwa kwa dakika, na aliyeikodi hupata sehemu yake."

Elisabeth alikulia mahali ambapo hakuna ramani iliyokubali kupaita mji, kwa hiyo hilo lilimwingia vizuri. Kilichokataa kuingia ni mwenye kuikodi.

"Nani kaikodi?"

"Siruhusiwi kusema, mama. Na hata hivyo, naona hapa imefungwa. Haitumiki tena."

"Imefungwa, na bado tunatozwa?"

Vidole vikagonga kibodi kwa muda. "Namba haipo, mama," kijana alisema kwa upole. "Lakini dakika zipo." Kisha akamwomba aipe huduma hiyo nyota tano.

Elisabeth akampigia mama yake mdogo. Angelika alikuwa mapumzikoni kiwandani. Mashine zilinguruma nyuma yake.

"Mama mdogo, hii namba ya sala ni ya nani?"

"Binti yangu, mimi wangu niliukata waya. Kwa mkasi wa kukatia kuku."

"Lini?"

"Bili ya kwanza tu. Nikamuuliza Adriano, akacheka. Akasema niwaite wanawake wote wa Buffalo wasali naye, na mimi nitapata changu kidogo. Nikamwambia, mbwa wewe, unauza Salamu Maria kwa dakika?"

"Na sisi hukutuambia!"

"Ningemwambia nini dada yangu? Kwamba mtoto aliyempa ziwa lake anamnyonya mpaka leo? Nilishindwa, Eliza. Nikasema mtajua wenyewe."

Elisabeth alitaka kumkaripia, lakini kitu kingine kilitangulia. "Lakini mama mdogo, jana uliitikia. Nilikusikia kwa masikio yangu. Ulikohoa."

"Jana saa nane?" Sauti ya Angelika ikashuka. "Jana saa nane nilikuwa kwenye mashine, mtoto wangu, siku hizi naingia asubuhi. Nimekwambia waya nilikata."

Jioni hiyo Elisabeth hakwenda kazini. Alimkalisha mama yake, akamweleza yote: namba, dakika, Adriano. Sauti ya Angelika aliiacha mwisho, na alipofika hapo hakuweza kuimalizia. Mkonga ulikuwa umelala kwenye kitambaa chake, unavuma.

"Adriano hawezi," Kornelia alisema.

"Mama, ameweza."

"Mtoto yule nilimbeba. Wewe nilikushusha, ukatembea ukilia, ukiwa bado mdogo hivi, kwa sababu yeye alikuwa dhaifu na mgongo ulikuwa mmoja." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Alisema ni jini. Basi ni jini. Afadhali jini nyumbani kuliko mwizi ukooni."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimesema. Afadhali jini."

Kwenye mkonga mvumo ukakatika. Kikasikika kitu kinashusha pumzi taratibu, kwa raha, kama mgeni aliyesimama mlangoni siku nyingi na sasa kaambiwa karibu. Elisabeth akauchukua mkonga akaubamiza mahali pake. Wiki iliyofuata kampuni ikakata laini kwa deni. Hilo tu ndilo walilolifanya kwa wakati.

Adriano alikuja Jumamosi, asubuhi, kwa gari lake. Elisabeth alikuwa amemtumia ujumbe mmoja tu: Njoo umwambie mwenyewe. Adriano alikuwa amekonda. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, hakumtazama mtu, akaanza kuongea akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama, namba ilikuwa yangu. Ghalani walinipunguza kazi. Jamaa mmoja akanionyesha njia hiyo, nikasema nitafanya mwezi mmoja, nitawarudishia. Jini nililibuni. Nilisikia hiyo sauti, nikadhani ni mwangwi wa laini, nikaona ni nafasi. Baadaye nikashindwa kulala. Nikaifunga namba, mara tu baada ya Pasaka."

"Pasaka?" Elisabeth alisema. "Adriano, sasa ni Julai."

"Najua. Ndiyo maana nilipopata ujumbe wako…"

"Umetuongoza rozari mpaka wiki mbili zilizopita. Kila mchana. Umesoma mafumbo yote."

Adriano akainua uso. Ulikuwa umepauka kama majivu. "Eliza, pacha wangu. Sijasali nanyi tangu Pasaka. Sijasali na mtu yeyote."

Kornelia alimtazama kijana kwa makini, paji la uso, masikio, mikono, kama anavyotazamwa mtu aliyeleta salamu kutoka kwa ndugu ambaye huna hakika kama unamkumbuka.

"Sali basi," alimwambia. "Nikusikie."

Adriano akafanya ishara ya msalaba. Akaanza. Sauti ilimkwama katika neno la tatu, akajaribu tena, ikakwama, akaziba uso kwa viganja akalia.

Na pale alipoishia, sala ikaendelea.

Ilitoka kwenye simu iliyokatwa, mkonga ukiwa mahali pake, harufu ya turubai bichi ikijaa chumba, na ilikuwa sauti ya Adriano, si huyu aliyekuwa akilia kochini bali yule wa zamani, laini, yenye heshima, sauti ya mtoto ambaye hajawahi kumwibia mtu. Ilisali bila kukosea. Ilipofika mwisho ikanyamaza, na Elisabeth alingoja neno moja tu, akalingoja kwa roho yake yote, na neno halikuja.

"Mama?" ikaita simu.

"Mama, usiishike!" Adriano alinong'ona.

Kornelia aliinuka, akauchukua mkonga kwa mikono miwili, akauegemeza kifuani.

"Amina," alisema kwa niaba ya sauti ile. Kisha, bila kumgeukia Adriano: "Eliza, mpe mgeni chai. Ana safari ndefu ya kurudi."