Ukurasa wa Vitanda

Masomo yakiisha, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita lango la hospitali, akamwamkia bawabu, akashuka ngazi mpaka maktaba. Kilikuwa chumba cha chini, madirisha yake membamba yakionyesha miguu ya wapita njia, si nyuso zao. Humo ndimo alimofanya kazi mama yake. Jina la Chiriku alipewa na babu kwa ajili ya wingi wa maneno, lakini ndani ya maktaba ile hata chiriku hufunga mdomo.

Siku hizo mama alikuwa amechoka mpaka macho yamemwiva. Daktari wa watoto alikuwa na swali. Ile dawa ya maji ya zambarau wanayopewa watoto wenye kikohozi, inawasaidia au inawadhuru? Kila aliyeulizwa alikuwa na jibu lake, na majibu hayakupatana. Kwa hiyo daktari alitaka ukusanywe kila utafiti uliowahi kufanywa juu ya dawa ile, mkubwa kwa mdogo, wa kuisifu na wa kuilaumu, aupime wote kwa pamoja. Hapo ndipo angewaandikia waganga wa zahanati waendelee kuitoa au waache. Mama ndiye aliyekuwa mpekuzi wake.

Tafiti za karibuni alizipata kwa kompyuta. Za zamani zilikuwa zimelala ndani ya majarida mazito yaliyojalidiwa, nazo zilitaka kufunuliwa ukurasa kwa ukurasa, maana habari fupi za mwishoni hazikutajwa hata kwenye yaliyomo. Tena kazi ile ina sheria yake: kila jarida hupekuliwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kujua mwenzake amepata nini. Mpekuzi wa pili alikuwa amejifungua, yuko likizo. Daktari akasema kuzipima tafiti ni juu yake mwenyewe, lakini kuzitafuta kurasa tu, yeyote asomaye kwa makini anaweza. Ndivyo kazi ilivyomwangukia Chiriku.

Asubuhi mama alipekua na kuweka vipande vya karatasi. Daktari aliandika namba za kurasa zile, akaviondoa vipande. Jioni Chiriku aliyapekua majarida yale yale, akaweka vipande vyake popote alipoona habari za watoto, kikohozi na dawa ile.

Nyumbani nako hakukuwa na raha. Mdogo wake Chiriku alikuwa akikohoa, na chupa ya zambarau ilikuwa juu ya kabati. Kila jioni bibi aliuliza ampe kijiko kimoja au asimpe. Kila jioni mama alijibu, akivua viatu, kwamba wasubiri kidogo, jibu li njiani.

Siku za mwanzo Chiriku alisoma kwa bidii. Halafu herufi zikaanza kutambaa kama sisimizi. Jioni moja, akiwa hoi, aliliachia jarida mezani likafunguka lenyewe, na pale pale palikuwa na utafiti wa dawa ile. Akadhani ni bahati. Akalifunga, akalisimamisha, akaliachia tena, likafunguka mahali pale pale. Akaelewa. Majarida yale yalikuwa makavu na magumu, na mama alipopata kitu aliukandamiza ukurasa kwa kiganja ili ausome vizuri. Jarida likikandamizwa hivyo halisahau.

Tangu siku ile Chiriku hakusoma tena. Aliliachia jarida, akatazama linapofungukia, akalibonyeza kidogo huku na huku kutafuta mikunjo mingine, akaweka vipande. Kazi ya jioni nzima ikawa ya muda wa kunywa chai. Mama alimwona amemaliza mapema, akamsifu, na sifa ile ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku ya kulinganisha ikafika. Daktari alikuja kutoka wodini, koti limekunjamana, akakaa kwa kishindo cha mtu ambaye miguu haimtii. Alifungua jarida moja baada ya jingine.

"Mmekuwa pacha nyinyi," alisema. "Kila alipopata mama, na mwana kapata."

Halafu akafungua jingine. Aliligeuza jarida, akalisogeza mbele ya Chiriku. Kipande chake kilikuwa kwenye tangazo la vitanda vya chuma: picha ya vitanda vitupu, bei na anwani. Hapakuwa na mtoto wala kikohozi.

"Hapa umeona nini, mwanangu?" daktari akauliza.

Chiriku aliutazama ukurasa. Mama naye akainama kuutazama, na polepole uso wake ukabadilika. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na alama ya rangi ya mdomo.

"Hapa nililala," mama alisema kwa sauti ndogo. "Siku ile niliyokesha na mtoto. Niliweka kichwa hapa, usingizi ukanichukua."

"Juu ya vitanda," daktari akasema. "Angalau ulichagua mahali panapofaa."

Hakuna aliyecheka sana. Mama alilichukua jarida, akalisimamisha mezani, akaliachia. Likafunguka penye vitanda. Akamtazama binti yake na kungoja.

Chiriku alisema yote, maneno machache kuliko siku zote za maisha yake. Alitegemea makofi. Mama alivua miwani tu, akajifuta macho, na uchovu wake ulimuuma Chiriku kuliko kofi.

"Ulikuwa umechoka?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ungesema. Mimi pia nimechoka. Ndiyo maana tukawa wawili."

Daktari hakugomba. Alisema majarida yote aliyoyafanyia ujanja yarudiwe, naye atawaandikia wa zahanati wamngojee tena. Chiriku akaomba ayarudie mwenyewe. Mama akakubali, kwa sharti moja: macho yakichoka, aseme, apumzike.

Akaanza upya. Mara nyingine alisema, "Mama, nimechoka," akaenda kunawa uso, akarudi. Ndipo alipofika kwenye jarida ambalo kurasa zake mbili za mwishoni ziligandana kwa unyevu. Mtu mwenye haraka angezigeuza kama ukurasa mmoja. Chiriku alipitisha rula katikati, akazibandua taratibu. Ndani palikuwa na habari fupi, nusu ukurasa, ya watoto waliopewa dawa ile wakalala usingizi mzito, pumzi zikawa hafifu.

Mama aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaisoma tena.

"Hii mimi niliiruka," alisema.

Daktari alieleza kwamba utafiti mmoja mdogo hauamui neno. Lakini kompyuta ilikuwa imeleta tafiti mbili nyingine zenye habari hiyo hiyo, naye alikuwa akisita kuziamini. Sasa zilikuwa tatu, na mizani ikainama. Barua kwa zahanati ikaandikwa: dawa ile isitolewe tena kwa watoto wadogo.

Jioni ile bibi aliuliza swali lake la kila siku. Mama aliishusha chupa kabatini, akaitia mkobani airudishe hospitali. Akasema kesho mtoto atapelekwa kwa daktari, na kwa sasa anyweshwe maji ya vuguvugu. Kisha akakaa kwenye mkeka kando ya Chiriku, akanyoosha miguu.

"Kuchoka si kosa, mwanangu," alisema. "Kila afanyaye kazi huchoka, na aliyechoka hukosea. Mimi nilikosea. Ila ukinifuata nyuma kimya kimya, kosa langu linakuwa letu sote, na hapo hakuna wa kuliona. Jicho la pili lina faida likiwa linatazama lenyewe."

Chiriku alitaka kujibu, maana hakukosa la kusema. Lakini mama alikuwa ameshasinzia. Akamvua miwani taratibu, akaiweka mahali ambapo mdogo wake hataifikia.